Wimbo wa "Here, There and Everywhere": Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu wimbo mmoja tu wa mapenzi, wenye urefu wa takriban dakika mbili na nusu, ambao kundi la Beatles la Uingereza liliutoa mwaka 1966. Historia ya kundi lenyewe imeandikwa sana, na anayeitaka hatakosa pa kuisoma. Hapa tunashughulika na jambo dogo zaidi, yaani ni kitu gani kinachoufanya wimbo mtamu kiasi hiki usimkinaishe msikilizaji baada ya karibu miaka 60.

Ni wimbo gani huu, na ulitoka lini?

Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "Hapa, Pale na Kila Mahali". Ulitoka katika albamu ya Revolver, iliyotolewa Uingereza tarehe 5 Agosti 1966 na lebo ya Parlophone, ukiwa wimbo wa tano wa upande wa kwanza wa santuri. Mwimbaji ni Paul McCartney, aliyekuwa kundini pamoja na John Lennon, George Harrison na Ringo Starr. Nafasi uliyopewa inafaa kuangaliwa, kwa sababu majirani zake ni wa ajabu: kabla yake kuna "Love You To" ya George Harrison, iliyojengwa juu ya muziki wa Kihindi na sitari, na baada yake kuna "Yellow Submarine", wimbo ambao watoto wa nchi nyingi wanaujua kwa kichwa. Katikati ya hao wawili anasimama mtu mwenye gitaa anayezungumza kwa sauti ya chini kuhusu mwanamke aliye karibu naye. Msikilizaji wa santuri, asiyeweza kuruka wimbo kwa kidole kama tufanyavyo leo kwenye simu, aliufikia wimbo huu masikio yake yakiwa yameshachoshwa na makelele ya kila aina, na nadhani sehemu ya utamu wake ilitokana na pumziko hilo.

Ni nani aliyeutunga, Lennon au McCartney?

Kwenye lebo ya santuri majina ni ya wote wawili, kwa kuwa walikubaliana tangu ujana wao kwamba nyimbo zao zitabeba majina ya pamoja hata pale ambapo mmoja ndiye aliyefanya kazi yote. Huu ni wa McCartney. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alikwenda kwa gari hadi nyumbani kwa John Lennon huko Weybridge, nje ya London, wakiwa na miadi ya kutunga nyimbo, akamkuta mwenzake bado amelala. Alichukua gitaa, akaketi kando ya bwawa la kuogelea, akaanza kupapasa nyuzi. Lennon alipoamka na kuteremka, wimbo ulikuwa karibu umekwisha, na walichobaki nacho ni kuumalizia tu ndani ya nyumba.

Jambo linalonichekesha kila nikiigeuza santuri hiyo mkononi ni kwamba upande huohuo, nyimbo mbili tu kabla ya huu, kuna wimbo wa Lennon unaoitwa "I'm Only Sleeping", ambamo anawasihi watu wasimwamshe. Kwa hiyo usingizi wa Lennon umeacha alama mara mbili upande mmoja wa albamu: aliyelala aliutungia wimbo usingizi wake, na aliyesubiri akatunga wa mapenzi.

Je, ni kweli kwamba uliigwa kutoka kwa Wamarekani?

Kuigwa ni neno kali mno, ila deni lipo na McCartney hajawahi kulikana. Mwezi Mei 1966 kundi la Beach Boys la California lilitoa albamu ya Pet Sounds, na mwanakundi wao Bruce Johnston alisafiri nayo hadi London, ambako Lennon na McCartney waliisikiliza. Ndani yake kuna "God Only Knows", wimbo ambao McCartney amekuwa akiutaja kwa miaka mingi kuwa anaupenda kuliko nyimbo zote. Alichokichukua humo ni hali ya jumla, ile namna ya sauti kadhaa za kiume kuelea nyuma ya mwimbaji, na ule utangulizi unaokuacha kwa nukta chache bila kujua wimbo utakwenda wapi. Mdundo, maneno na mwendo wa sauti ni vyake mwenyewe.

Ikumbukwe pia kwamba deni lilikuwa la pande zote mbili. Brian Wilson wa Beach Boys alieleza kuwa albamu ya Rubber Soul, ambayo Beatles waliitoa Desemba 1965, ndiyo iliyomtia hamu ya kutengeneza Pet Sounds. Walikuwa wakijibizana, kama malenga wawili wanaopelekeana mashairi kwa barua, kila mmoja akitaka ubeti wake uwe mtamu kuliko wa mwenzake.

Mwanamke anayeimbwa ni nani?

Wasikilizaji wengi humhusisha na Jane Asher, mwigizaji wa Uingereza aliyekuwa mchumba wa McCartney wakati huo. Kwa zaidi ya miaka miwili kijana huyo kutoka Liverpool aliishi katika nyumba ya wazazi wa Jane, mtaa wa Wimpole, London, nyumba iliyojaa vitabu na muziki. Walitangaza rasmi uchumba wao Krismasi ya 1967, na kufikia Julai 1968 Jane alitangaza kwamba umevunjika.

Wimbo wenyewe haumtaji mtu. Hauelezi macho yake ni ya rangi gani, wala nywele zake ni ndefu au fupi; kuna mkono unaopungwa, kuna vidole vinavyopita kwenye nywele, kuna macho yanayotazamwa, basi. Huyu mwanamke hana sura, na kwa sababu hiyo kila msikilizaji humpa sura anayoijua. (Mtu mmoja huuliza kama Tony Asher, aliyeandika maneno ya "God Only Knows" pamoja na Brian Wilson, alikuwa ndugu wa Jane. Hapana, ni majina tu yaliyogongana.)

Maneno yake ni machache na mepesi. Ufundi uko wapi?

Uko katika mpango wake, na msomaji aliyewahi kukutana na pindu katika ushairi wetu, ambayo wengine huiita mkufu, atautambua mara moja. Katika pindu, maneno yanayofunga ubeti mmoja ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata, na hivyo beti hushikana kama pete za mkufu. Hakuna haja ya kudhani kwamba McCartney alipata kusikia habari za pindu. Watunzi wa mbali mbali wanaweza kuifikia njia moja, kila mmoja kwa miguu yake.

Wimbo unaanza kwa utangulizi mfupi ambao neno lake la mwisho ni "hapa". Ubeti wa kwanza unafunguka kwa neno hilohilo, "hapa", likiwa peke yake, likivutwa kwa sauti ndefu. Ubeti huo unaishia kwa "pale", na wa pili unaanza kwa "pale". Mpaka hapo mtu angetarajia neno la tatu lingoje zamu yake kwa utulivu, lakini halingoji. "Kila mahali" inajitokeza mapema, katika sehemu ya kati ambapo muziki wenyewe unahama, kana kwamba mwimbaji ameshindwa kuizuia. Kisha inafanyika hila ninayoiona kuwa bora kuliko zote: sentensi ya mwisho ya sehemu hiyo ya kati haikamiliki. Ni mshororo mshata, unaoning'inia ukisema kwamba kumpenda ni kumhitaji, na neno linaloukamilisha, "kila mahali", ndilo neno la kwanza la ubeti wa tatu. Maana inavuka mpaka wa ubeti, na sikio linavuka nayo bila kuambiwa.

Maneno yote matatu ya jina la wimbo hayasikiki pamoja, kwa mfululizo wake, mpaka mstari wa mwisho kabisa. Msikilizaji hupewa moja, kisha la pili, kisha la tatu, na mwishoni hupewa yote kwa pumzi moja. Nyimbo nyingi za mapenzi za miaka ile zilitangaza jina lake katika sekunde 20 za kwanza na kulirudia hadi msikilizaji akalichoka.

Kuna na jingine, linalohusu wasiwasi. Wimbo huu unasifiwa kuwa wimbo wa furaha, na ni kweli, ila katika ubeti wa tatu mwimbaji anasema kila mmoja wao anaamini kwamba mapenzi hayafi, na kwamba yeye anayatazama macho ya mwenzake akitumaini kuwa atakuwepo siku zote. Anatumaini, hakusema anajua. Kitenzi hicho kimoja kimetiwa kama chumvi kidogo kwenye uji wa sukari, na ukikiondoa wimbo unaanza kukinaisha.

Je, unaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili ukaimbika?

Nimejaribu, na nitaeleza nilikokwama na nilikopenya, kwa sababu jaribio hilo ndilo lililonifundisha wimbo huu kuliko kuusikiliza mara mia.

Ugumu wa kwanza ni kwamba Kiingereza kina neno moja la "hapa", nasi tunayo matatu. Je, mpenzi awe hapa, mahali mahususi ninapopagusa? Awe huku, upande huu wa dunia niliko mimi? Au awe humu, ndani, pengine moyoni? Mtafsiri hana budi kuchagua, na akishachagua moja amewafungia wengine mlango. Kwa "kila mahali" mambo yanakuwa magumu vilevile, kwani tunazo pote, kote na mote, na "popote" nayo inajipenyeza ingawa maana yake si hiyo. Kumtaka mtu popote ni kutojali yuko wapi. Kumtaka kote ni kutaka dunia nzima ijae yeye. Wimbo unataka hilo la pili.

Ugumu huo ukitazamwa upya unageuka kuwa utajiri. "Pale" inayofunga ubeti wa kwanza, katika Kiingereza chake, haitaji mahali hasa: inasema tu kwamba kuna kitu, kwamba kitu kipo. Mwishoni mwa ubeti wa pili yupo mtu anayezungumza na mwanamke hatambui kuwa mtu huyo yupo. Neno la Kiingereza linateleza kati ya mahali na kuwepo bila kujitangaza. Sisi tuna viambishi vinavyofanya kazi hiyo kila siku bila kuvifikiria: yupo, yuko, yumo. Tukimuuliza mtu "upo?" hatumuulizi mahali tu, tunamuuliza hali yake, na kama angali mwenzetu. Nikiombwa kulieleza dai lote la wimbo kwa neno moja, nitasema "kuwepo".

Kuhusu vina, lugha yetu imetupa zawadi. Pale, kule na mle zote zinaishia na "le", na neno "milele" linaishia hivyohivyo. Mtunzi wa Kiingereza alilazimika kutafuta maneno yanayolingana na "everywhere" akaishia na nywele na kushirikiana. Mtunzi wa Kiswahili anakuta mahali na wakati vimekwisha kupangana katika kina kimoja kabla hata hajaanza.

Nilipokwama ni kwenye mkazo. Neno "here" ni silabi moja inayovutwa kwa raha, ilhali "hapa" ina silabi mbili na mkazo uko kwenye ya kwanza, kwa hiyo ukivuta "haa", ile "pa" inadondoka mwishoni kama kijiko kilichoanguka jikoni. Suluhisho nililolipata ni kuanza na neno lingine na kuiacha sauti ndefu iangukie silabi ya kabla ya mwisho, jambo linalowezekana lakini linaivunja pindu. Sijalitatua mpaka leo.

Faida moja ya mwisho ni kwamba "yeye" yetu haina jinsia. Mwanamke anaweza kumwimbia mwanamume, au kinyume chake, bila kugusa neno hata moja.

Muziki wake una nini kinachoufanya uelee?

Gitaa linaanza katika ufunguo wa G na kupanda hatua kwa hatua, G, A ndogo, B ndogo, C, kama mtu anayepanda ngazi bila kuruka kidato. Huo ni mwendo ambao mwanafunzi wa gitaa wa mwaka wa kwanza anaweza kuupiga, na ndiyo maana sikio linaustarehea. Kisha, sehemu ya kati inapofika na mwimbaji akasema anamtaka kila mahali, ufunguo unahamia B-flati, mahali ambapo kwa kawaida wimbo wa namna hii haungepita. Inasikika kama mtu aliyefungua dirisha. Lakini ukirudi mwanzo utagundua kwamba B-flati hiyo ilishapita kwa haraka katika utangulizi, ikakupungia mkono na kutoweka, kwa hiyo inaporudi hushtuki.

Utangulizi wenyewe hauna mapigo thabiti. Unaimbwa kama mtu anayezungumza, kwa namna ya nyimbo za kumbi za zamani ambazo kizazi cha baba yake McCartney kilizipenda. Mzee huyo, Jim McCartney, aliwahi kuongoza bendi ndogo ya jazi mjini Liverpool, na muziki wa namna hiyo ulikuwa wa nyumbani kwao.

Nyuma ya mwimbaji kuna sauti tatu, za Lennon, Harrison na McCartney mwenyewe, ambazo karibu wakati wote hushikilia vokali moja ndefu. George Martin, mtayarishaji wao, alieleza kwamba sauti hizo ni za msingi kabisa, zinasonga pamoja bila werevu wowote. Anayejua kwaya zetu ataelewa: mwalimu yeyote angeweza kuzifundisha kwa mazoezi ya jioni moja. Kinachohitaji ustadi ni kuziimba kwa upole huo, na kuzuia kila mtu asitake kusikika.

Mbona sauti ya McCartney humu si ile ya siku zote?

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ya makusudi ya kisanaa: alisema baadaye kwamba alipokuwa akiimba studioni alijiwazia kuwa ni Marianne Faithfull, mwimbaji wa Kiingereza aliyekuwa na sauti nyepesi, karibu na mnong'ono, na kwamba hiyo ilikuwa siri yake ambayo hakuna ambaye angeikisia.

Ya pili ni ya mitambo. Wakati wa kurekodi sauti yake, mkanda ulizungushwa kwa kasi ndogo kuliko kawaida, na uliporudishwa kwenye kasi yake halisi sauti ilipanda kidogo na kuwa nyembamba. Waliokua na redio kaseti wanaijua kanuni hii kwa upande wake wa pili: betri zilipoanza kuisha, mwimbaji aligeuka taratibu kuwa na sauti nzito kama ya mtu aliyeamshwa usiku, hadi mtu alipozitoa betri na kuzianika juani. Studioni walilifanya jambo hilo kwa kiasi kidogo, kwa mwelekeo mwingine, na kwa kukusudia. Pia aliimba mara mbili, sauti moja juu ya nyingine, na ndiyo sababu sauti inaonekana kuwa na kivuli chake.

Ulirekodiwa wapi na kwa siku ngapi?

Katika studio za EMI zilizoko mtaa wa Abbey Road, London, tarehe 14, 16 na 17 Juni 1966, fundi mitambo akiwa Geoff Emerick, kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20. Ulikuwa miongoni mwa nyimbo za mwisho kukamilishwa kwa ajili ya albamu hiyo, kwani ni "She Said She Said" tu iliyofuata, tarehe 21 Juni, na siku chache baadaye kundi lilikuwa Ujerumani kwenye ziara. Emerick alipoandika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 2006, kitabu alikipa jina la wimbo huu.

Kuna fidla ngapi?

Hakuna hata moja. Watu wengi huapa kwamba wamezisikia, na nadhani wanachokisikia ni zile sauti tatu. Vyombo ni magitaa, gitaa la besi na dramu za Ringo Starr zilizopigwa kwa staha, pamoja na vidole vinavyoalishwa.

Je, Lennon, aliyejulikana kwa kuudharau ulaini, aliupenda kweli?

Aliupenda. Katika mahojiano yake marefu na jarida la Playboy mwaka 1980 alisema ni wimbo wa Paul na kwamba ni mmojawapo wa nyimbo za Beatles anazozipenda sana. McCartney naye husimulia kwamba walikuwa wakishiriki chumba kimoja Austria, wakati wa kupiga filamu ya Help!, wakivua viatu vya kuteleza kwenye theluji huku kaseti ikicheza, na wimbo huu ulipopita Lennon akasema anaupenda kuliko nyimbo zake mwenyewe. Anaikumbuka kama mara ya nadra sana ambapo mwenzake alimsifu usoni.

Tatizo ni kalenda. Filamu hiyo ilipigwa Austria mwezi Machi 1965, na wimbo ulirekodiwa Juni 1966. Ama kumbukumbu imehamisha mahali, ama imehamisha wimbo. Binafsi sioni kama ni jambo la kumshitakia mtu. Kijana aliyengoja miaka kusikia neno moja la sifa kutoka kwa rafiki yake hulikumbuka neno lenyewe, na mlima ukajileta baadaye.

Wapo wanaosema kwamba McCartney ana sukari nyingi mno, na kwa baadhi ya nyimbo zake nitawaunga mkono bila kusita. Kwa huu hapana. Lennon, ambaye alikuwa tayari kumkosoa hadharani, hakupata la kuukosoa.

Kwa nini hawakuuimba jukwaani, na kwa nini haukutolewa peke yake?

Siku ileile Revolver ilipotoka, kundi lilitoa santuri ndogo ya "Eleanor Rigby" na "Yellow Submarine", na hizo ndizo zilizobeba jina la albamu redioni. Kuhusu jukwaa, ziara ya 1966 iliyopita Ujerumani, Japani, Ufilipino na Marekani haikuwa na wimbo hata mmoja wa albamu hii, na onyesho lao la Candlestick Park, San Francisco, tarehe 29 Agosti 1966 lilikuwa la mwisho la kulipiwa tiketi. Ukumbi wenye mayowe ya maelfu ya vijana haukuwa mahali pa wimbo ambao nusu yake ni minong'ono. McCartney ameuimba jukwaani mwenyewe baada ya kundi kuvunjika, ukiwemo mwaka 1991 katika kipindi cha Unplugged cha MTV, akiwa na ala zisizo za umeme.

Ni nani wengine waliouimba vizuri?

Orodha ni ndefu na sehemu kubwa yake inachosha, kwa sababu wengi hudhani wimbo mtamu unahitaji okestra, wakaumwagia asali juu ya sukari. Emmylou Harris wa Marekani, katika albamu yake ya Elite Hotel ya mwaka 1975, aliupunguza mwendo na kuutia huzuni ambayo ilikuwamo tangu mwanzo, na toleo lake lilipata nafasi katika chati za Uingereza mwaka uliofuata. Celine Dion aliuimba mwaka 1998 kwa ajili ya albamu ya kuagia kazi ya George Martin, kwa usafi wa sauti ambao ni vigumu kuupinga. Ule wa Harris ndio ninaourudia.

Nianze na toleo lipi?

Anza na lolote ulilo nalo kwenye simu, mradi uvae spika za masikioni na chumba kiwe kimya. Mwaka 2022 albamu ya Revolver ilichanganywa upya na Giles Martin, mtoto wa George Martin, kwa kutumia programu inayotenganisha sauti zilizokuwa zimegandana kwenye mkanda mmoja, na humo utasikia pia jaribio la awali la wimbo huu. Mara ya kwanza usifuate maneno. Sikiliza vidole vinavyoalishwa tu, kimoja baada ya kingine, vikavu kama vijiti. Mara ya pili fuata gitaa la umeme la Harrison, ambalo lina nota chache mno hivi kwamba unaweza kuzihesabu.

Unafaa kupigwa harusini?

Maneno yanafaa, urefu unafaa, na wazee hawatalalamika. Tahadhari yangu inahusu ule utangulizi usio na mapigo. Niliwahi kuombwa na binamu yangu nimpigie kwa gitaa wakati akiingia ukumbini, na katika mazoezi hatukufikiria jambo hilo. Nilianza, bibi harusi akanyanyua mguu, akasubiri mdundo ili aukanyage. Mdundo haukuja, akaushusha. Shangazi mmoja aliyekuwa nyuma akidhani wameanza akaikanyaga shela. Vigelegele vikaanza, vikakatika, vikaanza tena. Ubeti wa kwanza ulipofika na mapigo yakatulia, mimi nilikuwa nimeshasahau B ndogo iko wapi. Ukiombwa na wewe, ruka utangulizi, anzia kwenye "hapa", na mwambie bibi harusi atembee kwa vidole vyako vinavyoalishwa.